Jaji Aliyeikimbia Meza ya Saba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Toeni hizo waya masikioni. Nimesikia kila shule sasa ina watoto wanaojiandikisha kwa mashindano ya kompyuta, yale mnayoyaita hakathoni, na nimeona vile mnajiandikisha. Mnaletewa karatasi ya masharti, mnaruka mpaka chini, mnaweka sahihi. Hata mtu anayenunua kuku wa kupikwa siku hiyo humshika kwanza akampima. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini karatasi nikipewa naisoma yote, polepole, na kidole. Sasa nitawaambia kilichotupata sisi, na sisi tulikuwa tumesoma. Nyinyi msiosoma itakuwaje?

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Ni mtoto wa kifungua mimba wangu, na naishi naye hapa Mbotela kwa sababu shule yake iko karibu. Yeye na wasichana wengine watatu wa darasa lake walitaka kuingia mashindano hayo. Timu mbili za kwanza zilikuwa zinaenda raundi ya mwisho, na huko raundi ya mwisho kila mtoto anarudi nyumbani na kompyuta yake mwenyewe. Mjukuu wangu hana kompyuta. Kazi yake yote ya masomo anaifanyia saiba ya pale barabarani, kwenye kompyuta za kulipia, mahali kijana mwenye duka anamwambia kila dakika, "Madam, saa inaisha." Kwa hivyo muelewe, kwake haukuwa mchezo. Kwa wiki nzima alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa, na mtoto wa kidato cha tatu akiosha vyombo bila kuambiwa kuna kitu anakitafuta.

Nilichotafutiwa ni hiki. Sharti la pili lilisema kila timu ije na mtu mzima mmoja wa familia ya mmoja wao, akae ukumbini tangu kufunguliwa mpaka mwisho. Akitoka, timu inatolewa. Wazazi wa wale wengine watatu Jumamosi wako kazini: mmoja anakata nyama Soko la Burma, mwingine yuko kiwandani, na wa tatu anasuka watu nywele. Mwenye Jumamosi yake mwenyewe nilikuwa mimi.

"Kukhu," mjukuu wangu akaniambia, maana kwetu magharibi nyanya ndiyo huitwa hivyo, "kazi yako ni kukaa tu."

"Kukaa tu ni kazi gani?"

"Unakaa. Hugusi kompyuta, na hutusaidii."

"Na nani amekwambia nilitaka kuwasaidia?"

Jumamosi tukavuka Jogoo Road asubuhi tukaenda ukumbi mmoja ulio upande wa Buruburu. Meza kumi, kila meza na namba yake, yetu ikawa ya saba. Vijana walijaa humo na nywele za kila aina. Mmoja alikuwa ameketi juu ya meza, sikumjua, lakini nilimshusha.

Mkubwa wa shughuli alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri na alisoma masharti yote, hilo nampa sifa. Kazi ianze leo na iishe leo, asije mtu na kitu alichokwisha kutengeneza nyumbani. Mlezi asiguse kompyuta. Mlezi asitoke ukumbini.

Nikainua mkono. "Na choo?"

"Choo ni ruhusa, mama."

"Basi andika. Hapa haijaandikwa."

Watoto wakacheka, lakini yule mama akachukua kalamu akaandika. Sharti ni lile lililoandikwa. Mengine ni maneno ya watu.

Halafu akasoma sharti la tisa, na hili ndilo la leo. Mwenye jamaa yake kati ya majaji aseme kabla ya kazi kuanza, ili jaji huyo asimpe alama. Asiposema na ikajulikana baadaye, timu yake inatolewa. Majaji walikuwa watatu na bado hawajafika, lakini majina yao yalikuwa yamebandikwa ukutani. Nikaenda nikayasoma, na kidole, moja baada ya lingine. Hakuna nililolijua. Mjukuu wangu naye akayasoma, hakulijua hata moja. Tukarudi tukaketi.

Hapa lazima niwaeleze jambo la nyumbani kwangu, la sivyo hamtaelewa.

Binti yangu kitinda mimba anakaa na kijana mmoja huko Umoja. Wanakaa tu. Hakuna mzee wa kijana huyo aliyekuja kwetu kubisha mlango, hakuna kilichosemwa, hakuna hata sukari iliyoletwa. Mimi binti yangu nilimwambia wazi: mtu ambaye hajatuma wazee kwangu hana jina. Kwa hivyo jina lake sikuliuliza na sikutaka kuambiwa. Akipiga simu, binti anasema, "Huyo anakusalimia," na mimi nasema, "Huyo nani?" na maongezi yanaishia hapo.

Uso wake, lakini, niliujua. Siku moja nilikwenda Burma kununua matumbo, nikamwona binti yangu amesimama kwenye bucha na kijana mwembamba wa miwani. Kijana akaniona. Sijawahi kuona mtu akiondoka mahali haraka hivyo bila kwenda popote. Aliingia nyuma ya mbuzi aliyekuwa ametundikwa pale, akasimama wima sawasawa na mbuzi, na akabaki humo mpaka nilipomaliza kununua. Miguu yake ilionekana yote. Mwenye bucha aliniuliza, "Mama, huyu ni wako?" Nikasema mimi nimekuja kununua matumbo.

Sikukasirika, kusema kweli. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, wala hawaonani wakila, mpaka siku ya kufunguliwa, wazee wakiwepo na blanketi likiletwa. Ile ni heshima. Kwa hivyo nilirudi nyumbani na fikira mbili: kijana huyu hajamwoa binti yangu, lakini heshima ya mkwe anayo yote. Ni kama mtu anayelipia choo cha nyumba ambayo hajapanga.

Sasa turudi ukumbini. Kazi ilikuwa imeanza, watoto wameinama, mlango ukafunguka, majaji watatu wakaingia na mbao zao za kuandikia. Wa kwanza mzee wa mvi. Wa pili dada mmoja mnene mwenye kicheko. Wa tatu kijana mwembamba wa miwani.

Alinyanyua macho, akaniona, akageuka palepale kama mtu aliyekumbuka ameacha maharagwe motoni.

Nilirekebisha kitambaa changu.

Wasichana wangu walikuwa wanatengeneza kitu cha maji. Sisi hapa Mbotela maji huja yanapotaka. Anayeyasikia kwanza kwenye mfereji anajaza ndoo zake, na jirani anaamka kukuta yameshaenda. Kitu chao ni cha simu: wewe ukiona maji unabonyeza, na simu za wapangaji wote wa ploti zinapiga kelele. Walihitaji sauti ya kuwaamsha watu, na kwa vile kila kitu kilipaswa kutengenezwa siku hiyohiyo, wakaja na simu mbele ya mdomo wangu.

"Shosho, sema tu vile huwa unasema," akaniambia yule msichana ambaye mama yake husuka nywele, maana watoto wa Nairobi nyanya humwita shosho.

"Si mmesema nisisaidie?"

"Si kusaidia, ni kuongea."

Wakamuuliza yule mama wa kipaza sauti, akasema kuongea hakujakatazwa. Nikasema vile husema. Wakasikiliza, wakaangaliana.

"Manze," mmoja akasema, "hii ikilia hakuna mtu atalala."

Majaji wakaanza kuzunguka. Kila jaji alikwenda meza kwa meza peke yake, na alama zake zikaandikwa kwenye ubao mkubwa mbele ya watu. Ili timu ihesabiwe lazima iwe na alama za majaji wote watatu kabla ya chai ya jioni. Yule mzee wa mvi akaja kwetu, akauliza maswali, akaenda. Dada wa kicheko akaja, akacheka, akaenda. Jaji wa tatu akaenda meza ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Wasichana wangu wakaketi vizuri. Akainama, akafunga kamba ya kiatu, akainuka akiwa meza ya nane.

"Ametuskip!" mjukuu wangu akasema.

"Labda atarudi," wakamwambia.

Alirudi, ndiyo. Alirudi kutoka meza ya kumi akipitia ukutani, uso umeutazama ukuta kama mtu anayekagua rangi. Mara ya pili alifika meza ya sita, akakaa hapo sana, mpaka watoto wa meza ya sita wakaanza kufikiri wameshinda. Ubaoni, kila meza ilikuwa na alama tatu. Yetu ilikuwa na mbili, na nafasi moja nyeupe.

"Shosho, huyo jaji ana shida gani na sisi?" yule wa nywele akaniuliza.

"Mimi nitajuaje shida za watu?"

Mjukuu wangu alikuwa anautazama ubao na kuuma ukucha, na yeye ukucha haumi tangu alipokuwa mdogo. Hapo nikaona lazima nifikiri. Nikisimama niseme, "Huyu ni mkwe wangu," basi hatukusema mapema, sharti la tisa litatutoa. Tena nitakuwa nimetangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba ameoa kwangu, na hajaoa. Nikinyamaza, nafasi itabaki nyeupe, watoto hawahesabiwi. Na kutoka nje siwezi, sharti la pili. Niliketi hapo nimebanwa kama nguo kwenye kamba.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Ile karatasi inasema mlezi akae ukumbini. Inasema akae akionekana?"

Akaisoma. "Haijasema."

"Basi leta kiti."

Nyuma ya meza yetu kulikuwa na bango kubwa la kitambaa la hayo mashindano, limesimama kwa vyuma viwili. Nikaingia nyuma yake na kiti changu, na kikombe cha chai, na andazi, kwa sababu sikuwa nimekula. Nikaketi kimya. Kupitia pembeni niliona kijana ananyoosha shingo kuelekea meza ya saba, kama kuku anayeangalia kama mlango wa jikoni uko wazi. Akaja hatua moja. Akangoja. Akaja nyingine.

"Habari zenu," akasema. Sauti yake ni ya upole, sikuwa nimeisikia kabla. "Samahani kwa kuchelewa kwenu. Nionyesheni kazi."

Mjukuu wangu akaeleza vizuri sana, nilijivunia nikiwa kwenye giza langu. Akaeleza mfereji, ndoo, majirani. Kisha akasema, "Na sasa mtu akiona maji, anabonyeza hapa."

Akabonyeza. Walikuwa wameunganisha na spika ya ukumbi, iliyokuwa nyuma ya bango pamoja nami.

"WEWE! UNALALA KAMA NANI? MAJI IMEKUJA NA WEWE UMELALA! HUNA AIBU? TOA NDOO! TOKA NJE!"

Vijana, mimi sikufungua mdomo. Mdomo wangu ulikuwa na andazi. Lakini yule maskini alijua sauti hiyo, maana binti yangu huweka simu yake kwenye spika, na alijua pia kwamba imetoka nyuma ya bango.

"Samahani mama!" akapiga kelele. "Natoka mama! Nakuja na wazee mama!"

Akageuka kukimbia, mguu ukashika chuma cha bango. Bango likaanguka lote. Na mimi hapo, mbele ya watu wote, kiti, kikombe, andazi nusu mkononi. Ninakula mbele ya mkwe. Alipoona ninakula alijifunika uso na ubao wake wa kuandikia na akabaki amesimama hivyo, kwa sababu sasa hakuona mlango uko wapi.

Yule mama wa kipaza sauti akafika. "Jaji, kuna nini?"

"Siwezi kukaa hapa," akasema kutoka nyuma ya ubao. "Huyo ni mama mkwe wangu."

Mtoto mmoja wa meza ya tatu, mwenye akili nyingi za kishetani, akasema, "Sharti la tisa! Saba wametolewa!"

Mjukuu wangu akanitazama. Sitaki kuwaeleza mtazamo huo.

Yule mama akanigeukia, na kipaza sauti akakisahau mdomoni, kwa hivyo swali likasikika mpaka barabarani. "Mama, huyu ni mkwe wako?"

Nikaweka andazi chini. Nikapangusa mikono. "Soma tena hilo sharti. Jamaa ni nani?"

Akasoma. "Jamaa ni mtu wa damu au wa ndoa."

"Damu hatuna. Muulize ndoa ilikuwa lini."

Akamgeukia. "Jaji, anauliza ndoa ilikuwa lini."

"Tunapanga, mama," kijana akajibu.

"Mwambie sisemi naye," nikasema.

"Anasema hasemi nawe."

"Mwambie nimesikia, na nashukuru," kijana akasema.

"Anasema amesikia na anashukuru."

"Mimi si kiziwi. Muulize ametuma nani kwetu."

Yule mama akamuuliza. Kijana akasogeza ubao kidogo, nikaona kioo kimoja cha miwani. "Bado," akasema.

"Basi na jibu langu ni hilo," nikasema. "Umeniuliza kama ni mkwe. Bado."

"Bado ni ndiyo ama ni hapana?"

"Bado ni bado. Andika."

Aliangalia karatasi yake mbele na nyuma. Karatasi ilikuwa na ndiyo, ilikuwa na hapana. Bado haikuwa nayo. Wakaenda pembeni wakajadiliana, yule mzee wa mvi akicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na dada wa kicheko hakufaa kwa lolote, alikuwa ameketi sakafuni. Waliporudi, mama akatangaza: meza ya saba haina jamaa kati ya majaji kwa siku ya leo, haikuficha kitu, na haitolewi. Lakini kwa vile jaji wa tatu hawezi kuifikia meza hiyo akiwa wima, alama hizo atazitoa yeye mama mwenyewe. Mtoto wa meza ya tatu akaguna. Nikamtazama, akaacha.

Yule mama akaja, akabonyeza, akaruka, akaandika. Wasichana wangu wakawa wa pili. Wangekuwa wa kwanza, lakini alipunguza alama akasema si vizuri wananchi kutukanwa wakiwa usingizini. Mimi nasema huyo kwao maji huja kila siku. Lakini wa pili anaenda raundi ya mwisho, na hao wanne walirukaruka wakashikana mpaka nikawaambia watavunja meza ya watu. Kijana wa miwani aliwapigia makofi kutoka jikoni, mikono tu ikionekana mlangoni.

Tulipokuwa tunatoka, yule mama wa kipaza sauti akanishika mkono. "Mama, raundi ya mwisho ni mwezi ujao, na majaji ni haohao. Siku hiyo bado sitaipokea. Utaniambia ndiyo ama hapana, kabla ya kazi kuanza. Ukisema ndiyo mapema, watoto hawana shida, jaji mwingine atawaangalia. Lakini useme."

Nikamwambia hiyo ni haki.

Njiani mjukuu wangu alikuwa amebeba begi lake kifuani kama mtoto mchanga. "Kukhu, siku hiyo si useme tu hapana? Iishe."

"Hapana ni uongo."

"Lakini hajaoa."

"Hajaoa. Lakini wewe umeona mgeni anakimbia hivyo? Mtu asiye wako akikukuta unakula anakwambia karibu chakula. Huyu alijifunika uso. Kuna watu nimewaoza binti kwa ng'ombe kamili, na wakiniona barabarani wananipungia mkono kama konda." Akacheka. "Hapana siwezi kuisema tena. Na ndiyo siwezi kuisema bado. Na siku hiyo lazima niseme moja."

Mpaka tukafika kwetu alikuwa akifikiria kompyuta yake. Nilijua anaifikiria, kwa sababu alifika akaanza kuosha vyombo.

Nikampigia binti yangu aje. Akaja jioni hiyohiyo, macho chini. Huyo wake alikuwa ameshamwambia kila kitu, mpaka andazi. Nikawaketisha wote, yeye na mjukuu, na kijana wangu wa kati ambaye huwa hayuko popote mpaka chakula kiive. Nikawaambia hivi, na sikurudia:

"Wewe, mwambie huyo wazee wake waje hapa Jumamosi inayokuja, si ile nyingine. Waje na blanketi, na ng'ombe tutazungumza kama watu. Wewe kijana, kesho uende ukawaambie baba zako wadogo wavae makoti. Wewe mjukuu wangu, uoshe mapazia na ukope viti kwa jirani. Na yeye mwenyewe siku hiyo akae kwa huyo jirani mpaka nitume mtu kumwita. Akiitwa, aje akitembea."